Koti la Mteja Asiye na Jina

9 Februari

Mdogo wangu,

Simu hupokei, kwa hiyo nakuandikia. Barua huwezi kuikata katikati ukasingizia mtandao.

Baba yupo. Anakula, analala, ananiita mama. Juzi asubuhi kaniamkia shikamoo. Mimi, mwanawe! Nikaitikia marahaba, ningefanyaje, kisha nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikalia kidogo, nikatoka, nikaendelea kupiga pasi.

Daktari anasema huu ugonjwa wa kusahau hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Vidonge anavyompa ni vya kumtuliza tu. Kila Alhamisi naenda kuvichukua, na Baba namwacha dukani chini ya macho ya fundi viatu wa jirani. Hajui mwaka. Hajui kama mama alitutoka, ananiuliza mbona amechelewa sokoni. Viatu anavaa cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Lakini nikimkalisha kwenye kiti chake mbele ya cherehani, laiti ungemwona! Wiki iliyopita nilimpa koti la mwalimu mkuu alifanyie matundu ya vifungo, nikakaa karibu nikiwa na wasiwasi wa kuharibiwa kitambaa cha watu. Akafanya manne, yote yamelingana, bila kupima. Mimi mwenye akili zangu timamu na futi shingoni, tundu la tatu hunipinda kila siku.

Hapo nikakukumbuka. Si wewe unayefundisha watu chuoni akili ni nini na mwili ni nini? Basi niambie. Ile akili inayojua tundu la kifungo likae wapi imejificha wapi, na ile iliyokuwa inajua jina langu imekwenda wapi? Zilikuwa mbili? Nauliza kweli, sikutanii. Au nakutania kidogo.

Njoo umwone. Tangu tulipomzika mama hujakanyaga hapa, mwaka wa sita huu. Nikimuuliza daktari amebakiza muda gani, hutazama karatasi zake kwanza ndipo anijibu. Njoo angali anaweza kukaa kwenye kiti chake.

Dada yako

20 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa simu. Huu ni msimu wa kusahihisha, na meza yangu imefunikwa na karatasi hadi sioni kikombe cha chai.

Swali lako nimelipeleka darasani, likavuruga kipindi kizima. Wapo waliosema mwili na akili ni vitu viwili mbalimbali, mwili ni nyumba na akili ni mpangaji. Wapo waliosema mpangaji hayupo na hajawahi kuwapo, ni nyumba tu, na kelele zake tunaziita mawazo. Msichana mmoja wa nyuma, mkimya siku zote, akasema akili si kitu, ni kazi inayofanywa na mwili, kama kushona kulivyo kazi ya cherehani, na cherehani ikiharibika hatuulizi kushona kumekwenda wapi. Nikamwambia nina dada angempenda sana.

Mimi mwenyewe unajua ninachofundisha. Mtu ni kumbukumbu zake na ule ujuzi kwamba yeye ni yeye. Matundu ya vifungo ni mazoea, Dada. Miaka hamsini ya kurudia jambo moja imejichora kwenye mishipa, na mishipa haijui chochote. Mwili ni koti tu. Siandiki hivi kwa ubaya, lakini naona Baba tuliyemjua ameshalivua lile koti, na wewe unahudumia koti lililobaki kwenye kiti. Nikija nitamwona nani? Na yeye atamwona nani?

Nataka nimkumbuke alivyokuwa. Nakumbuka kaptula zangu za shule, ndani zimekunjwa vidole vitatu vya kitambaa ili nikirefuka afumue ashushe. Kila aliposhusha, mstari wa mshono wa zamani ulibaki. Nilifika darasa la saba nina mistari mitatu kila mguu, wenzangu wananiita Barabara. Nilimlilia anishonee kama wateja, pindo dogo, safi. Akanijibu, "Mteja ameshakua. Wewe bado." Baba huyo ndiye ninayetaka kubaki naye.

Mitihani ikiisha tutaongea.

Mdogo wako

4 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama, maana nilitaka kukupiga.

Eti mwili ni koti tu. Hilo neno "tu" unamwambia nani, mtoto wa fundi mwenzako? Niletee koti alilolivaa mtu miaka kumi, lining'inize hapo ukutani, nami nitakwambia anaandikia mkono gani, anabeba mzigo bega lipi, ni mtu wa kuficha mikono mfukoni au wa kuiachia. Mwenyewe akiwa hayupo. Kama yeye ndiye mpangaji peke yake na koti halijui kitu, hayo yote nani kaliambia?

Haya, hasira zangu zimeisha. Nina habari.

Baba anashona koti. Si nililompa mimi. Amelianza mwenyewe, na kitambaa ni kile cha kijivu cha sandukuni ambacho mama alimsihi miaka yote ashone suti yake, akakataa, akasema kina mwenyewe. Nimemuuliza ni la nani, anasema la mteja. Nikafungua daftari la vipimo. Unajua mtindo wake, jina juu, vipimo chini. Kuna ukurasa juu hapana kitu. Unafuata ule wa mwenye duka la vyuma, na huyo nakumbuka tulimpima Novemba. Mwandiko ni wa Baba, unatetemeka lakini unasomeka. Kifua arobaini na nne, kiuno arobaini na mbili, na pembeni kaandika bega la kushoto limeshuka nusu inchi.

Nikaenda kwa fundi viatu. Huyu ni mgeni hapa, alihamia baada ya msiba wa mama, kwa hiyo watu wetu wengi hawajui. Anakumbuka Alhamisi moja mimi nimekwenda kuchukua vidonge, alikuja mwanamume mnene, ana ndevu na miwani. Alikaa na Baba kama nusu saa. Akatoka anajifuta macho, na fundi viatu alidhani amefiwa.

Mimi namjua mtu mmoja tu mwenye bega la hivyo. Alianguka kutoka kwenye paa la duka hili akiwa na miaka tisa, amepanda kutafuta mpira. Lakini huyo mara ya mwisho nilipompima kiuno chake kilikuwa thelathini na moja, na hawezi kufika mlangoni pangu akaondoka bila kuniona. Au nakosea?

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Wenye mabega yaliyoshuka ni wengi, hata kwenye darasa langu wapo. Labda ni mtu aliyepita njia tu, akavutiwa na kibao cha duka.

Kuhusu koti na mwenye koti, hoja yako ni nzuri kuliko nyingi ninazosahihisha. Lakini angalia, koti likipinda kiwiko halijui kwamba limepinda. Alama si kumbukumbu. Unyayo kwenye tope haumkumbuki aliyekanyaga. Kama Baba angekuwa anakumbuka, angekuita jina lako, hilo ndilo jambo dogo kabisa ambalo baba anaweza kumfanyia mwanawe.

Huyo mteja, Baba amesema lolote juu yake? Amesema anafanana na nani? Nauliza kwa ajili ya utafiti wangu.

Bado nimebanwa. Aprili pia kuna mitihani.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Kwa ajili ya utafiti wako, haya.

Koti limefika hatua ya kujaribisha. Kiwiliwili kimekwisha, bitana ya ndani imeingia, mikono kaipachika kwa uzi mweupe wa kufumua. Nilitaka kumsaidia kuishona moja kwa moja, akanipiga kofi la mkononi kama nilipokuwa mwanafunzi wake. Mikono haishonwi mpaka mwenyewe aje asimame. Sasa haendi tena kwenye cherehani. Anakaa mlangoni na koti magotini tangu ninapofungua hadi ninapofunga, na kila anayepita anamtazama mabegani. Saa kumi hivi huniuliza, "Hajaja?" Nikimuuliza nani, anasema, "Yule kijana aliyelia."

Nimeuliza kijana gani, maana fundi viatu kaniambia mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu. Baba kashikilia kijana.

Ana kikohozi kilichoshuka kifuani. Daktari ametaka alazwe, naye hataki kuondoka mlangoni, anasema mteja atakuta pamefungwa. Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo sana. Usije kama mtoto wake, kama hilo linakuwia gumu. Njoo kama mteja. Simama dakika kumi, avute mkono huu, avute ule, aseme umekaa vizuri. Hutaulizwa jina. Nitakaa nyuma ya pazia, nisikuone kama hutaki nikuone.

Njoo wiki hii.

Dada yako

11 Aprili

Dada yangu,

Ni mimi. Ulishajua, na umenivumilia mwezi mzima niseme mwenyewe.

Nilikuja Novemba. Nilichagua Alhamisi kwa sababu najua huwa unatoka, na aibu ya hilo ninayo hadi leo. Nilitaka nimwone kwanza peke yangu. Niliwaza kwamba akinitambua, nitakaa nikusubiri, nikupikie chakula cha jioni. Asiponitambua, nitaondoka, na hakuna atakayeniona nilivyo.

Alikuwa anapanga mikebe ya vifungo. Akainua uso, akatabasamu lile tabasamu lake la kazini, akasema, "Karibu mteja." Dada, nilikuwa nimesafiri siku nzima. Sikusema Baba, ni mimi. Nilisimama tu, naye akachukua futi akaanza kunipima, kama vile mtu akisimama hapo hana shida nyingine duniani zaidi ya koti. Akanigeuza. Akanipapasa mgongo. Alipofika bega la kushoto akalibonyeza kwa kidole gumba mara mbili, pale pale alipokuwa akibonyeza zamani kabla ya kuweka pamba, akasema, "Hili tutalificha." Maneno yale yale. Machozi yakanitoka, nikashukuru Mungu kwamba nimempa mgongo.

Halafu akafungua daftari, akalowesha ncha ya penseli ulimini, akaniuliza, "Nikuandike nani?"

Nilisubiri aniambie yeye. Nilisimama pale nikamngoja, mtu mzima na shahada zangu, nikamngoja mgonjwa anitajie jina langu. Alinitazama kwa adabu, penseli iko juu. Nikatoka.

Tangu siku ile nimefundisha kwa sauti kubwa zaidi kwamba mtu ni kumbukumbu zake. Kama hayo ni kweli, basi hakuna mtu aliyenisahau pale dukani. Lilinisahau koti tupu, na koti tupu halimuumizi mtu. Nilihitaji iwe kweli. Wanafunzi wangu wanadhani nina msimamo, kumbe nina donda.

Nimesoma barua yako ya "Hajaja?" sijui mara ngapi. Simu nimeizima, iko kwenye droo ya ofisini, naogopa utakachoniambia. Mtihani wa mwisho ni tarehe kumi na saba. Tarehe kumi na nane niko hapo mlangoni. Mwambie mteja yuko njiani.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na sita. Baba tulimzika tarehe kumi na tatu.

Alifariki tarehe kumi na mbili asubuhi. Nilimkuta nafungua mlango wa duka, yeye ameshatangulia kwa mlango wa uani, yuko kwenye kiti chake, nikadhani kasinzia. Nilikupigia mara kumi na moja, nikakutumia na ujumbe wa msiba, na wewe simu iko kwenye droo. Kaburini nilisimama na fundi viatu upande ambao ulikuwa wako. Kisha tarehe kumi na tano naona ujumbe wako: "Nimeona. Nisamehe." Maneno mawili, kutoka kwa mtu anayekula kwa kuongea. Ulisema tarehe kumi na nane. Nilipika. Leo ni tarehe kumi na tisa na chakula nimempa fundi viatu.

Nimekasirika, na nitakuwa nimekasirika kwa muda, usinihimize. Ulimngoja Baba akutajie jina. Mbona hukumtajia wewe? Alikuuliza! Mtu amesahau, anakuuliza kwa adabu wewe nani, unamjibu kwa mgongo. Mimi kila asubuhi nilimwambia, "Ni mimi, binti yako," naye akasema, "Ahaa," na dakika tano tulizopata hapo zilinitosha hadi saa nne. Saa nne nikamwambia tena. Hakuna siku niliyoona amenikosea.

Koti nakutumia na barua hii. Mikono bado ina uzi mweupe, nimeiacha alivyoiacha. Usilipeleke kwa fundi yeyote huko, nitajua. Kabla ya kulivaa, chukua wembe, fumua bitana kwa chini upande wa kushoto, mshono wa ubavuni, kiasi cha kiganja. Tazama ndani. Mimi nilipafumua siku tuliporudi kutoka makaburini, nikaona, nikakaa sakafuni, kisha nikapashona tena. Ningeweza kukuandikia kilichomo, lakini utaniletea hoja, na mimi hoja sina nguvu nazo sasa. Tazama kwa macho yako.

Dada yako

30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo.

Nimefumua. Nilifunga mlango wa ofisi, nikalitandika koti juu ya karatasi za mitihani, nikafumua mshono mmoja mmoja kama ulivyonifundisha, nisiguse kitambaa. Nilidhani nitakuta karatasi. Labda jina langu.

Nimekuta vidole vitatu.

Nimepima kwa vidole vyangu, kisha kwa rula, kisha tena kwa vidole. Nikafumua upande wa kulia, navyo vipo. Pindo la chini, vipo. Mikononi, vipo. Kote Baba kakunja kitambaa ndani, kakipiga pasi, kakilaza vizuri ili kingoje.

Hoja ninayo, ulijua nitakuwa nayo. Ningesema ni mazoea, mkono umerudia ulichozoea. Ila mkono ule kwa mteja ulizoea kuacha nusu inchi. Miaka hamsini, mteja nusu inchi, na haukuwahi kukosea. Vidole vitatu uliwaachia watu wawili tu duniani, mimi na wewe. Mdomo uliniita mteja, daftari likakosa jina, na wakati huo huo kuna kitu ndani ya Baba kilichojua kabisa nani amesimama mbele yake. Kama ni akili au ni mwili, sijui tena, na jana niliwaambia wanafunzi hivyo hivyo, sijui. Yule msichana wa nyuma alinitazama kwa huruma.

Sikuja tarehe kumi na nane kwa sababu nilifika stendi nikashindwa kupanda. Nilijiambia mteja akienda na fundi hayupo, anakwenda kufanya nini. Sasa nina tiketi ya Ijumaa, nafika Jumamosi asubuhi. Nitasimama mlangoni nikuambie mimi ni nani, na kama utaniuliza mara ya pili nitakuambia tena. Unipeleke alipo. Kisha unishonee mikono, nimesimama, kama alivyotaka.

Nimelivaa hapa ofisini mbele ya kioo cha dirisha. Limenikaa. Bega halionekani. Ile akiba ya ndani usiikate, Dada, hata nusu inchi. Nina miaka arobaini na saba, na alikuwapo mtu aliyeona bado nitakua.

Mdogo wako